Mtani Kaburini kwa Nathan

Jumamosi, 8 Juni 2024

Ndugu yetu Nathan amefariki alfajiri, hospitali ya mkoa. Pigo la rungu, lile la Alhamisi. Ng'ombe wa Wagogo waliingia kwenye alizeti yetu kabla hatujamaliza kuvuna, akaenda kuwatoa. Aliyempiga amekamatwa. Ni mpwa wa Mzee Chilewa, Mgogo jirani yetu wa ng'ambo ya korongo.

Nimempigia dada Theodora, Dodoma. Aliuliza tu kama mama amekula.

Jumapili, 9 Juni

Theodora amefika. Anafundisha usuluhishi chuo kikuu. Udaktari aliupata kwa utafiti juu ya utani wetu sisi Wanyaturu na Wagogo: mtani anakuja msibani, anamsema marehemu, analala kaburini, wafiwa wanamjibu kwa utani, kisha wanamgomboa kwa kuku. Ameandika kwamba waliocheka pamoja kaburini hawapigani kesho yake. Ameitwa nchi nyingi kulieleza hilo.

Shangazi Severina alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kulia au kuandika?"

Theodora aliingia kwa mama, hakutoka hadi giza.

Jumatatu, 10 Juni

Vijana wanachonga fimbo nyuma ya zizi. Hawafichi. Fredrick, mtoto wa mjomba, ndiye anayewaongoza. Anasema wanangoja tu tuzike.

Mtendaji wa kijiji alikuja kumwomba Theodora awakalishe Wagogo na sisi. Dada akasema yeye mfiwa, hawezi kukaa katikati. "Sasa nani, daktari? Kazi si ndiyo hiyo?" mtendaji akasema.

Mchana dada akanituma kwa Mzee Chilewa: kama bado ni mtani wetu, aje azike. Nilikwenda. Mzee alikubali.

Mama hakuulizwa. Sote wawili hatukumuuliza.

Jumanne, 11 Juni

Chilewa alikuja na wake zake wawili tu. Watu wakampisha. Akashuka kaburini, akajinyoosha chali.

"Mpelekeni kwingine huyo. Nyumba hii nimeiwahi mimi. Alizeti kaiacha nusu, leo anataka kulala? Mnyaturu mvivu!"

Wake zake walicheka, peke yao.

Hapo ndipo tunajibu. Jibu lipo, la kuwatania Wagogo kuwa ombaomba, hata watoto wanalijua: Mgogo, mpaka kaburi unaliomba? Watu wote walimgeukia Theodora. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Siwezi, Anselm. Ni Nathan."

Na mimi nilishindwa.

Sasa ni saa kumi. Jeneza liko juu ya benchi, ndugu yetu hajazikwa. Chilewa bado amelala kule chini, anarudia maneno yaleyale, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Hawezi kutoka bila kugombolewa. Akitoka hivyo, utani umekwisha, na ng'ambo ya korongo wanajua maana yake.

Kuku yuko kwa mama. Amemkumbatia kifuani tangu saa nane. Theodora amepiga magoti mbele yake mavumbini, hamwombi kitu. Mama hamtazami. Shangazi alinyoosha mkono kumchukua kuku, mama akasema, "Mwacheni alale. Si amekuja kulala?" Hakuna aliyejua kama ule ni utani.

Vijana wameweka majembe chini, wanatazama nyuma ya zizi.

Chilewa ameomba maji. Nimeingia ndani kumchotea, naandika nimesimama. Fredrick yuko mlangoni na fimbo yake. Ananiuliza maji haya ni ya nani.