Kama Mutu wa Shaba Anapumua

Gisenyi, mtaa wa Waswahili
Jumatano, tarehe 9 Oktoba 1957

Mpendwa kaka yangu Muhamadi,

Asalam alekum. Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Nyirasafari na watoto wote wa hapo Buyenzi. Ule mguu ulioumia bandarini umepona? Nimeota unachechemea nikaamka na wasiwasi, donc, basi, usinifiche. Na wifi, tumbo limeshakuwa kubwa? Mwambie asibebe maji mwenyewe, watoto wale wakubwa wana mikono.

Sisi huku tunapumua, ndiyo afya tuliyo nayo. Dauda ameota meno mawili ya chini, ananiuma akinyonya. Mvua imeanza. Asubuhi ukungu unakaa juu ya ziwa mpaka saa nne, na mimi nashukuru, maana ukungu ukiwepo silioni.

Kitambaa cheupe kimefika. Mzee Kadiri amenishonea nguo ya eda na nimeivaa. Arobaini ya Faradji wangu tumesoma Jumapili. Watu walikuja wengi, hata wavuvi Wakristo walikaa nje mpaka dua ikaisha. Kaburi la kwenda kuzuru hakuna. Tulielekea kibla kama inavyotakiwa, lakini moyo wangu ulielekea ziwani, Mungu anisamehe.

Uliuliza ilikuwaje, kwa sababu telegramu ilikuwa na maneno manne tu. Kaka, hata mimi sijui zaidi sana. Faradji alitoka Jumanne asubuhi na chumvi yake na vitambaa kwenda soko la Kibuye. Mashua ilikuwa ya Straton, yule rafiki yake Mkristo aliyekuja kwenye harusi yetu na mbuzi. Mchana upepo ukashuka. Wavuvi walimkuta Straton kesho yake, peke yake, amekumbatia debe tupu la mafuta. Alisema, "Faradji amezama, nimemuona." Tangu siku ile hajaongeza neno juu ya ajali, na hajagusa kasia.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nishike kalamu, na usinicheke.

Ni ile gazeti ya mapicha ya Elisabethville. Wewe ndiye uliyeituma tangu namba ya kwanza, kila miezi miwili, donc Mutu wa Shaba unamjua: yule mfua vyuma aliyeanguka katika tanuru akatoka na ngozi ya shaba, risasi haimwingii, anainua behewa kwa bega moja. Lakini hukuona vile alivyosomwa hapa kwetu. Faradji alikaa barazani, karibu na mashine ya kushonea ya Mzee Kadiri, anasoma kwa sauti. Wabaya aliwapa sauti ya puani. Saidati alikaa juu ya goti lake, kidole kwenye picha. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sufuria yangu, najifanya sisikilizi, na wali umeungua mara ngapi!

Kisha mchezo wao. Faradji akibeba gunia la chumvi alimwambia Saidati, "Gonga hapa." Mtoto anagonga kifua kwa ngumi, na baba analia "ngiiii" kama sahani ya chuma. Saidati alikuwa anawaambia watoto wa mtaa kwamba baba yake ni shaba ndani.

Unakumbuka namba ya kumi na moja. Daraja linavunjika, Mutu wa Shaba analishika kwa mabega mpaka behewa la mwisho limepita, kisha mawe yanaachia na yeye anaingia mtoni. Picha ya mwisho ni maji na mapovu matatu. Chini wameandika: Itaendelea. Faradji alifunga gazeti, watu wakapiga kelele, akasema, "Mwenye haraka aende Elisabethville kwa miguu." Hiyo ilikuwa mwanzo wa Agosti. Mwisho wa Agosti yeye mwenyewe alikuwa chini ya maji.

Matanga ilipoisha, wasikilizaji wa Faradji wakarudi barazani. Sikuwafukuza. Nyumba ikiwa kimya nasikia vibaya zaidi. Wako watatu: Mzee Kadiri kwenye mashine, Straton chini karibu na nguzo, na Mbonigaba wa Bugeshi anayeleta viazi sokoni, akimaliza kuuza anakuja kukaa. Kila siku ni namba ya kumi na mbili. Atatoka au hatatoka?

"Shaba haiozi," Mzee Kadiri anasema. "Bangili ya mama yangu ilikaa kisimani miaka sita. Tuliitoa nzima, kijani tu."

"Bon, atatoka," Mbonigaba anasema, "lakini atatoka kijani kama chura, na mchumba wake atakimbia."

"Cheka," Mzee Kadiri anajibu. "Swali ni moja tu: anapumua ao hapumui? Kama anapumua, amekwisha."

"Hapumui!" Mbonigaba anadakia. "Namba ya saba walimufukia mugodini siku tatu. Nani alimupelekea hewa, we na sindano yako?"

"Na mwenye gazeti si mujinga," Mbonigaba anaongeza. "Akimuua leo, Desemba ataniuzia nini?"

Straton hacheki nao. Yeye anasema neno moja, kila siku lile lile: "Atatoka. Mi nasema atatoka." Siku moja Mbonigaba akamchokoza, "We Straton, unajua nini ya kuzama?" Kisha akakumbuka.

Mimi najua kitu wao wamesahau, kaka. Namba ya nne, nyumbani kwa yule mtoto mgonjwa, Mutu wa Shaba alizima mshumaa kwa kuupuliza. Asiyepumua atapuliza na nini? Lakini niko edani, siwezi kujadiliana na wanaume dirishani. Nimenyamaza, na kunyamaza kwangu kumenichoma.

Kwa sababu kuna masikio mengine pale. Saidati anakaa chini ya mashine na kuokota vipande vya nguo. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba baba amekufa. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Ndiyo mama," nikadhani ameelewa. Kumbe alikuwa ananihurumia kwa kuwa sijui.

Wiki ya pili nikaona anaomba sahani mbili, yake na ya baba. Nikaacha, mtoto ni mtoto. Kisha akaanza kukonda. Mbavu zake nikimwosha nazihesabu kwa vidole. Nilimpa uji, nilimpa dawa ya minyoo. Juzi Xavérine, jirani yetu muuza samaki, akaja amekasirika: "Mama Saidati, mutoto wako anatupa chakula ziwani!" Anafunga viazi na maharagwe katika jani la mgomba, anakaza na uzi wa Mzee Kadiri, ndani ameweka jiwe. Xavérine akamuuliza jiwe la nini. Akajibu, "Ili chakula kifike. Baba iko chini."

Sahani zote mbili, kaka. Anatupa ya baba yake na anatupa yake pia, maana anasema mtu mkubwa hashibi na kidogo.

Nilimkalisha nikamwambia tena. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mama, ngoja namba ya kumi na mbili." Ndivyo ilivyo. Mutu wa Shaba akitoka majini, baba naye atatoka. Wanaume watatu wenye akili wameshamhakikishia.

Donc sikiliza ombi langu. Gazeti inafika kwenu Usumbura kabla ya kupanda huku. Ifungue wewe. Ukikuta amekufa, wamemtoa na wamemzika, mpe dereva wa lori ailete siku hiyo hiyo, hata kama mvua imekata barabara. Ukikuta amefufuka, usitume. Sema imepotea, sema wameacha kuchapa. Mimi nilimpenda yule mtu wa picha, Faradji alijua na alinitania. Sasa kila sala naomba afe.

Ijumaa, tarehe 11

Kaka, barua haikuondoka jana. Nimewasha mkaa, Dauda amelala, nakumalizia yaliyotokea.

Jana mvua ilikuwa kubwa. Nilidhani Saidati yuko chini ya mashine kama kawaida. Nilisikia Xavérine anapiga kelele barabarani, "Mutoto! Mutoto majini!" Nilitoka mbio bila viatu, bila kujifunika vizuri, na eda yangu. Wanawake wa mtaa wameshasema. Waseme.

Maji yalikuwa na mawimbi kama siku ile. Saidati alitaka kutupa mbali zaidi, kwa sababu aliona chakula cha mwisho kimerudi ufukweni. Nilipofika, Straton alikuwa ameshaingia. Yule mtu aliyeapa hatagusa ziwa tena maisha yake. Alimshika kwa nywele, akamtoa, akamgeuza, mtoto akatapika maji. Alikuwa bado ameshika kile kifurushi.

Straton alimbeba mpaka kwetu. Mlangoni alitaka kumweka chini na kuondoka. Nikamwambia kwa ukali, na si kawaida yangu: "Hapana. Kaa. Mwambie. Wewe ndiye uliona."

"Mama Saidati, nisamehe, siwezi."

"Umeweza kumwambia atatoka. Siku thelathini umeweza!"

Mzee Kadiri aliacha mashine. Straton akapiga magoti palepale kwenye maji yaliyokuwa yanamtoka, uso wake mbele ya uso wa mtoto. Ninakuandikia maneno yake, maana hata mimi nilikuwa nayasikia mara ya kwanza.

Alisema, "Mashua iligeuka. Iko debe moja tu. Mi nikashika, baba yako akashika. Ikaanza kuzama na sisi wote. Tukakaa vile, siwezi kusema muda gani. Kisha mukono yake haikuwa pale. Kama aliachia, ao kama alichoka, mi sijui. Kila siku najiuliza. Sijui."

Saidati hakulia. Alimwangalia vile anavyoangalia picha, polepole, kona mpaka kona. Halafu akauliza:

"Baba alikuwa anapumua?"

Straton aliniangalia. Sikumsaidia.

"Alikuwa anapumua," akasema. "Karibu na sikio yangu hapa. Pumzi ya kukatika-katika. Kisha sikuisikia tena."

"Kama mutu?"

"Kama mutu, mwanangu. Kama mi na wewe."

Saidati akaweka ngumi yake kwenye kifua cha Straton akagonga, mara moja. Hakikulia kitu. Akasema, "Basi haji."

Hapo ndipo alipolia, kaka. Alilia siku zote arobaini kwa mara moja, na Straton naye, na Mzee Kadiri alivua miwani akawa anaifuta na kitambaa cha mteja. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na mtoto aliyelowa mapajani, namshukuru Mungu na namlaumu Straton na namhurumia, vyote pamoja. Sijamsamehe kabisa. Nimempa chai.

Leo homa kidogo iko, lakini kifua ni safi, mganga wa zahanati amesikiliza. Mchana niliweka sahani yake. Akaenda akachukua ya baba yake pia. Nikadhani anaipeleka ziwani tena. Kumbe alikaa nayo mkekani. Akala yake yote, kisha akala ya baba yake, polepole, machozi yanaingia kwenye maharagwe, mpaka sahani ikawa nyeupe. Akaosha zote mbili. Ile ya baba ameiweka juu, pale tunapoweka vitu vya sikukuu.

Donc lile ombi la Jumatano nimelifuta. Tuma namba ya kumi na mbili, awe mzima, awe mfu. Saidati mwenyewe amemjibu Mzee Kadiri asubuhi: "Mutu wa Shaba anaweza kutoka. Yeye ni wa karatasi."

Wameniuliza nani atasoma. Mzee Kadiri macho hayamruhusu, Straton anajua kusali tu kwa Kilatini, Mbonigaba anajua tarakimu. Mimi nilisoma miaka mitatu, lakini kusoma mbele ya watu sijawahi. Sheikh amesema nikikaa nyuma ya pazia hakuna ubaya, nisome kwa heshima. Nimetoa namba ya kwanza, najizoeza na Saidati, kidole chake kwenye picha, changu kwenye maneno. Ninakwama sana. Wabaya siwezi kuwapa sauti ya puani kama baba yake, wananitoka kama wana mafua. Alicheka kidogo. Nimemsikia.

Mshumaa wa namba ya nne nimewaambia, kupitia dirishani. Kelele iliyozuka pale, kaka! Mbonigaba anasema nimewaharibia kila kitu.

Nisalimie wifi Nyirasafari sana, na watoto, na bibi Mukamazimpaka jirani yenu, umwambie dawa yake ya kikohozi ilinifaa. Xavérine anawasalimu, Mzee Kadiri anasema mguu uukande na maji ya chumvi. Saidati na Dauda wanambusu mjomba wao mkono. Mungu awafunike na rehema yake, ampe wifi kujifungua salama, na amrehemu Faradji pale alipolala, ambapo yeye peke yake ndiye anapajua.

Ukiifungua gazeti huko ukaona Mutu wa Shaba amekuwaje, tafadhali usiniandikie. Nataka nifike pale mwenyewe, neno kwa neno.

Dada yako akupendaye daima,
Mwamini