Gilbert na Donati za Tufaha

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeanguka tena. Kiunzi chenyewe kifupi, kuku angekivuka bila kuruka. Gilbert, farasi ninayempanda, alikwenda vizuri, masikio mbele, halafu hatua moja kabla — akafunga breki. Yeye akabaki upande huu, mimi nikaenda upande wa pili peke yangu. Kwa hesabu zangu, nimeruka.

Mwalimu Yvette akaja taratibu, mikono mfukoni. Akauliza nimedondosha nini pale chini, maana kila nikikaribia kiunzi nainamisha macho kama natafuta hereni. "Na huko shingoni kwa farasi unakimbilia nini? Kaa. Msubiri aruke yeye, wewe ni abiria tu." Miaka hamsini na miwili na bado naambiwa nikae.

Sheria ya banda letu ni moja: ukianguka, unaleta donati. Siku hizi naja nazo kabisa, boksi liko garini, ya nini kujidanganya. Za tufaha, zimepakwa sukari na mdalasini. Odette, mwenzangu wa darasa hili, alikuwa ameshaketi anasubiri kabla sijajipangusa vumbi. Yeye hajaanguka tangu theluji iyeyuke. Anakula za wenzake.

Nusu ya donati moja huwa naifungia kwenye leso, mfuko wa kulia wa koti. Yvette akigeuka kupanga miti ya kiunzi upya, nampa Gilbert. Mtu akikumwaga si vizuri mkaachana kwa kinyongo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mara mbili leo. Nusu mbili.

Jumanne, 8 Oktoba

Gilbert amegoma viunzi vitatu mfululizo. Odette akasema ananiombea. Najua anachoomba.

Yvette hakucheka. Alisema farasi ameingiwa na tabia mbaya, na farasi anayegoma hawezi kupandwa na watoto. Tarehe kumi na tisa ni mashindano yetu madogo, ataniacha nimpande. Akigoma tena, dalali wa farasi atakuja kumchukua Jumatatu. Alisema hayo akiangalia geti, hakuniangalia mimi.

Gilbert ana miaka kumi na saba. Nani atamtaka? Na wanaomtaka, wanamtaka kwa kazi gani kama si nyama? Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo Yvette alimpanda mwenyewe, amchunguze. Gilbert akagoma kwake pia. Ila Yvette haanguki ovyo, alibaki kwenye tandiko kama amegandishwa kwa gundi. Basi Gilbert akageuza shingo, akaanza kunusa koti lake. Mfuko wa kulia. Akanusa, akasubiri.

"Anatafuta nini huyu?" Yvette akauliza.

Nikatazama mawingu.

Jamani. Kosa ni langu mimi, Corinne. Akisimama, Corinne anaanguka, Corinne akianguka, donati inakuja. Farasi hana tabia mbaya, ana akili kunizidi. Nimemfundisha kazi, na ameifanya vizuri mno.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimwambie Yvette? Sukari amewakataza farasi wake tangu enzi na enzi. Atanifukuza, halafu dalali atakuja vilevile. Nimeamua kunyamaza na kurekebisha.

Nimekwenda wakati Yvette yuko misani. Nikaweka kiunzi, ng'ambo yake ndoo iliyopinduliwa, juu yake nusu donati. Gilbert alifika, akasimama, akasubiri nianguke. Sikuanguka. Akanigeukia kama mteja aliyecheleweshewa chakula chake. Tukakaa hivyo, kila mtu na kiburi chake. Mwishowe akainusa ile donati, akavuka kwa kujivuta.

Mara ya pili akaenda mbio. Mara ya nne akaruka! Na mimi nimekaa, mgongo umenyooka, maana macho yangu yalikuwa kwenye ndoo.

Kugeuka — Odette kaegemea uzio. "Kumbe," akasema. Nikasema shoga yangu, nakuomba. Akasema yeye kaburi, ila kaburi lenye njaa. Ameondoka na zilizobaki.

Jumanne, 15 Oktoba

Viwili ameruka, kimoja kagoma. Yvette akaniuliza nimekula nini, leo sitafuti hereni.

Ijumaa, 18 Oktoba

Dalali amepiga simu. Nilikuwepo. Yvette amemjibu kwa kifupi, kisha akaenda kumsugua Gilbert ambaye alikuwa safi tayari.

Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika nimesimama kando ya farasi, daftari juu ya tandiko. Gilbert ananipumulia sikioni. Mtu mmoja tu mbele yetu.

Viunzi sita. Ng'ambo ya kile cha mwisho, juu ya nguzo ya uzio, nimeweka boksi, mfuniko wazi. Yvette akauliza la nini mapema yote hii. Nikasema najijua, nimelipa kabisa. Akacheka, nilikuwa nimeshasahau anavyocheka. Akamshika Gilbert usoni, akachelewa kumwachia.

Gilbert ameliona. Masikio yanaelekea boksi, macho yangu nayo kulekule. Tutaruka. Nakwambia leo tutaruka.

Ngoja.

Yvette analinyanyua boksi. Anasema walaji wote wako huku, kule nani atalifikia? Amelileta upande wetu. Amelitua kwenye kiti, mbele kabisa ya kiunzi cha sita, pale pale Gilbert hupenda kufunga breki. Ananipungia mkono, amefurahi kunisaidia.

Nikisema lirudishwe, ataniuliza kwa nini. Odette ananikodolea macho, sukari mdomoni, ananionyesha Yvette kwa kichwa: sema.

Wameita jina langu. Mara ya pili sasa.

Nimeita, "Mwalimu, kuna jambo kuhusu hizo donati." Amegeuka, donati mkononi. Gilbert naye amegeuka.