Bledi ya Kukatia Tangi

Mugumu, Jumanne

Uniwie radhi, daftari. Sijakuandikia tangu tulipovuna mahindi.

Leo nilitaka kukata tangi kuukuu la plastiki liwe hori la kunyweshea ndama, wasiendelee kutembea hadi bwawa la Manchira. Kwenye msumeno wa umeme nilifunga bledi yenye meno madogo, nikiamini itakata kwa unadhifu. Plastiki iliyeyuka, ikashikana tena nyuma ya bledi.

Mke wangu, Rhobi, akacheka, akauliza, “Mwalimu, unakata au unashona?”

Nilizima msumeno.

Fundi Rajabu anashauri bledi ya meno makubwa na mwendo wa polepole. Lakini meno hayo yakilipasua tangi hatuna jingine, na ndama mmoja ameanza kuchechemea.

Bledi zote mbili ziko mezani. Nikishaamua nitakuandikia, hata kama Rhobi atakuwa amecheka tena.