Injini ya Kisima cha Leparua

S.L.P. 214,
Isiolo.
27 Mei, 1984.

Mpendwa ndugu yangu Ekidor,

Habari za Mombasa, na kifua chako je? Kile kikohozi kimeisha? Sisi hapa Wabera tunapumua, Mungu asaidie. Mvua ya Aprili haikufika.

Ile telegramu ilikwambia tu kwamba Mama Nakuam amefariki. Yeye ndiye aliyekulea, kwa hivyo ni haki yako kujua ilivyokuwa.

Unakumbuka injini ya zamani ya kisima. Iliharibika karibu kila mwezi, na Baba Mdogo Ekai aliitengeneza kwa vipande vya mabati na ngozi, jioni maji yakatoka. Mwaka jana mradi wa maji ulileta injini mpya na kuipa kampuni ya Ulaya kazi ya kuitunza. Walisema itakuwa rahisi kuliko kulipa mafundi wa hapa, na kazi itakuwa safi. Ni kweli, mwaka mzima haikuzima, na ilikunywa nusu ya dizeli.

Mwezi wa tatu ikazima. Kifaa kinachoingiza dizeli kikafunguliwa, kikatiwa sandukuni, kikapelekwa Ulaya kwa ndege. Tukaambiwa wiki mbili.

Wiki ya tano Baba Mdogo alichukua spana zake akaenda kisimani. Alitaka kufunga kifaa cha ile injini ya zamani. Mzee Ebei, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasimama mlangoni akamwambia, “Ekai, ukiigusa, wale watu watajitoa, na hatutapata injini tena.” Baba Mdogo akarudi nyumbani na spana zake.

Wanawake wakaanza kuchimba maji kwenye laga, katika mchanga wa ule mto uliokauka. Shimo lilikuwa limepita kimo cha mtu tarehe mbili mwezi huu, Mama Nakuam alipoingia na kibuyu chake. Mchanga ukaporomoka. Walimfukua kwa mikono na kwa sufuria, lakini walimkuta ameshakata roho.

Kifaa kilirudi tarehe kumi na tisa. Injini iliwaka mara moja. Hakuna aliyeshangilia. Baba Mdogo alikishika kile kifaa kabla hakijafungwa, akakigeuzageuza, akaniambia, “Margaret, wamekitengeneza vizuri. Mimi nisingeweza kukitengeneza hivi. Lakini maji ningetoa.”

Tangu siku hiyo haongei. Ebei alikuja mara mbili kumjulia hali. Mradi umemwita arudi kazini, amekataa. Spana amempa Erot, mwanawe.

Tafadhali mwandikie. Usimwambie hana kosa, kila mtu amemwambia na haimsaidii. Mwulize habari za mguu wake, na za mbuzi waliobaki. Ni saba.

Natabo anakusalimu, Erot pia, na jirani yetu Kathambi anauliza utakuja lini. Wasalimie watoto. Mungu awape maji karibu na mlango.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Margaret