Umelala Kaskazini, Yaya Sadiki

Yaya Sadiki,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu, Lackawanna, kando ya Buffalo. Theluji ya mwisho imeyeyuka na upepo wa ziwa umeanza kutulia kidogo. Mwanangu Josué yuko shule, nami leo siendi kazini kule kwenye nyumba ya wazee, donc nimepata nafasi ya kukaa na wewe.

Mwaka umepita, kaka yangu, tangu tulipokuzika. Kuna mambo ya mazishi yako ambayo nataka uyasikie kutoka kwangu, kwa sababu ni mimi niliyetumwa.

Wewe mwenyewe unajua jinsi tulivyotawanyika. Tulitoka kwenye kambi ya wakimbizi, sisi tukaletwa Amerika, wewe kwa kuwa ulikuwa na mke na faili lako peke yako ukapelekwa Uingereza, kwenye mji wa chuma karibu na Sheffield. Mama alilia akidhani ni kosa la karani. Wewe ulikwenda, ukapata kazi kwenye karakana ya kufua chuma, na taratibu ukawa mtu ambaye sisi wengine tulimwona kwenye simu tu.

Halafu ukaja kwa ajili ya arusi ya binti wa dada yetu Furaha. Ulishuka ndege hapa Buffalo mwezi wa saba, jasho linakutiririka, shingoni umevaa skafu ya sufu ya timu yako ya mpira. Nilikuambia uivue. Ulisema mtu havui bendera ya kwao eti kwa sababu ya jua.

Kabla hatujaanza safari uliniomba nikupeleke kando ya ziwa, pale palipokuwa na kiwanda kikubwa cha chuma. Nilikuambia hakuna cha kuona, ni nyasi na mitambo ya upepo inayozunguka. Ukasema, "Nataka kuona hizo nyasi." Ulisimama kwenye uzio kama mtu aliyefika matangani amechelewa. Ukaniuliza waliofanya kazi pale walienda wapi. Sikujua. Nimeishi mji huu miaka mingi na sikuwahi kuuliza. Ukasema kwa sauti ndogo, "Kwetu pia kutakuwa hivi tusipopiga kelele." Ndipo nilipoelewa kwamba ukisema "kwetu" siku hizo, humaanishi Uvira tulikozaliwa.

Njia nzima hadi Columbus ulinifundisha siasa. "Kinshasa banakulaka nyama, siye banatutupia mifupa. Na London ni vile vile." Ulinieleza jinsi watu wa Kaskazini ya Uingereza walivyochimba makaa, wakafua chuma, wakafuma nguo za dunia nzima, halafu migodi ikafungwa, viwanda vikafungwa, na wakubwa wa London wakaja kupiga picha wakiwa wamevaa kofia za kazi. Ulinieleza ile siku mlipokwenda kuandamana bungeni: treni ya kwanza ikafutwa, ya pili ikachelewa, mkafika na bango lenu wakati wabunge wamekwisha kwenda kula. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniuliza, na hapa kwenu je? Nikakuambia kwamba hapa mtu akisema New York, hakuna anayeifikiria Buffalo, ingawa ni jimbo lile lile. Ulipiga dashibodi kofi. "Bon. Weye pia uko mutu ya Nord, ya Kaskazini."

Tulimchukua Mama kwa mdogo wetu, kule kaskazini mwa Columbus, tukashuka hadi Louisville. Ukumbini yule kijana mwenye kipaza sauti akakutambulisha kama mjomba wa bibi arusi aliyetoka London. Ukasimama. Nilijua utasimama. "Pardon. Miye siko mutu ya London. Toka kwetu mpaka London ni mbali, na bei ya treni inafanya iwe mbali zaidi." Ukumbi mzima ulicheka, na Furaha akasema kutoka meza kuu kwamba kaka yake alizaliwa Sud-Kivu lakini anazeekea Nord. Ulimwinulia glasi ya Fanta.

Siku hizo zote nilikuwa nakutazama na kujiuliza, huyu mtu amepata wapi furaha ya kupenda mahali namna hii? Mimi Amerika imenipa kazi na nyumba, nashukuru. Lakini sijawahi kuitetea ukumbini.

Halafu tuliporudi Columbus, Mama alikupikia bugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, akangoja ushike tonge ndipo akasema. "Sadiki, watoto yangu yote iko Amerika, kasoro weye. Kuja ukae karibu na kaburi ya baba yako." Ulimjibu polepole. Ulisema mwenye karakana anataka kuzima tanuru, wafanyakazi wamekuchagua uwe délégué wao, uwasemee, huwezi kuwaacha katikati. Mama akauliza, "Ile tanuru njo mama yako?" Ulikula ndagala zote, mpaka sahani ikawa safi, na yeye akaenda kulala bila kukuaga vizuri. Najua jambo hilo lilikuuma. Lilimuuma na yeye.

Ulipofariki, Yaya, wifi Esperance alinipigia simu nikiwa namlisha mzee mmoja uji. Alisema umeanguka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, baada ya zamu. Moyo. Nilimaliza kumlisha yule mzee. Sijui kwa nini nakuambia hilo. Nilimfuta mdomo, nikamfunika magoti, ndipo nikatoka nje.

Mama hakulia mbele yetu. Alisema sentensi moja tu: "Neema, enda uniletee mtoto yangu." Makanisa yetu ya Columbus, Louisville na Buffalo yakachanga. Mdogo wetu akatayarisha mahali pa kaburi ubavuni mwa Papa, baba yetu, karibu na Westerville. Nikapanda ndege nikiwa nimebeba agizo hilo, na koti jepesi lisilofaa kabisa kwa mvua ya kwenu.

Wifi Esperance alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Neema, ni mtoto wenu. Mkisema aende, ataenda. Lakini wanangu watamtembelea wapi?" Grace alikuwa amekaa kwenye ngazi, David amelala kichwa kwenye mapaja yake, wote wawili wamevaa skafu zako.

Kesho yake akaja Keith, mwenzako wa karakana. Ulikuwa umenitajia jina lake mara nyingi, nami nilidhani ni kijana. Kumbe ni mzee, mikono kama makasia, anashika kofia yake kama mtu aliyeingia kanisani. Aliniita "mpenzi". Ulikuwa umenionya kwamba huko kila mtu ni mpenzi, hata kwa dereva wa basi, lakini bado nilishtuka. Kiingereza chake sikukielewa. Nimeishi Amerika miaka yote hii, na Grace akalazimika kunitafsiria Kiingereza kwa Kiingereza.

Ni yeye aliyekukandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Hakulitaja jambo hilo, Esperance ndiye aliyenieleza baadaye. Alichosema ni kwamba wamesikia familia imekuja kukuchukua, na hawakuja kuzuia. Wanaomba jambo moja: kabla hujaondoka, upitishwe kwenye geti la karakana, na wakubebe wao wenyewe.

Nikamshukuru. Akabaki amekaa. Kisha akasema kuna jambo hataki nilisikie kwa mwingine. Alisema yeye hupigia kura kile chama kinachosema wageni wamezidi. Ulikuwa unajua. Mligombana juu yake kila mapumziko ya chai, na ulimwita mjinga mbele ya watu, naye akakuita mbishi kuliko nyumbu. Nilimwuliza, "Na ndugu yangu hakuwa mgeni?" "Sadiki ni wetu," akasema. Nikamwambia kwamba hao wote wanaosemwa redioni ni wa mtu fulani. Hakuondoka. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akaosha kikombe, akaenda.

Alipotoka nilimwambia wifi sijui nimweke wapi mtu huyu. Akasema, "Na mimi sijui. Namwekea chai."

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, Esperance alinipeleka juu ya kilima kwenye makaburi ya mji. Kutoka pale unaona bomba za karakana, reli, na nyumba zile za matofali mekundu zilizoshikana kama watu kwenye foleni. Hakunishawishi kwa neno lolote. Alisimama tu, mkono ndani ya mfuko wa koti lako. Nikakukumbuka kwenye uzio wa Lackawanna, ukiuliza watu walienda wapi. Nikaona kwamba nikikupeleka Columbus, nitakulaza karibu na Papa, ndiyo, lakini Grace na David watabaki wakiuliza swali lile lile juu yako.

Nilimpigia Mama simu palepale. "Mama, naomba tumwache huku." Akasema, "Nilikutuma kuleta. Sikukutuma kuomba." Simu ikakatika. Nilisimama kwenye mvua. Kisha nikamwambia wifi: tumzike hapa.

Ningependa ungeona siku ile. Wote walikuwa getini, mashine zimezimwa, kofia za kazi zimeshikwa mikononi. Hakuna aliyetoa hotuba. Kwenye kilima cha makaburi gari la maiti lilisimama chini, wakakutoa, wakakuweka mabegani. Njia ile ina mwinuko mkali na ilikuwa tope. Keith alikuwa mbele upande wa kushoto, na nyuma yake mzee mwingine aliyekuwa akipumua kwa shida. Vijana walijaribu kumpokea, akatikisa kichwa. Kwaya yenu ya Kiswahili ilikuwa ikiimba nyuma, na wale wazungu wazee wakawa wanatembea kwa mdundo wa wimbo wasioujua maneno yake. Josué alikuwa akitazama kwa simu kutoka Lackawanna. Baadaye aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama mjomba alikuwa mtu mkubwa. Nikamwambia ndiyo.

Sasa habari za huko. Tanuru lilizimwa, Yaya. Sitakudanganya. Lakini karakana haikufungwa yote. Mwenye mali aliiuza, na yule mpya ameacha ukumbi mmoja ukifanya kazi, pamoja na watu wanaoweza kuuendesha. Keith anasema bila kelele zenu pangekuwa nyasi. Katika uchaguzi wa madiwani, kile chama chake kilishinda kata yenu. Aliniandikia ujumbe, sio wa kujigamba. Aliandika tu kwamba ungekuwepo ungemtukana wiki nzima, na kwamba chumba cha chai kimekuwa kimya. Kila Jumamosi anampeleka David mazoezi ya mpira. Grace hazungumzi naye siasa. Anasema anangoja afikishe umri wa kupiga kura, ndipo aendeleze ugomvi wa baba yake. Ana sauti yako kabisa anaposema hivyo.

Mama hakunisemesha. Nilipopiga simu aliipitisha kwa mdogo wetu. Furaha alijaribu kutupatanisha kutoka Louisville, akachoka. Ile video ya mazishi nilimtumia, naye akakataa kuifungua. Nilifanya kazi, nilipika, nilikwenda kanisani, na kila mahali nilijiona kama mtu aliyeacha mlango wazi nyuma yake.

Wiki ya Pasaka mwaka huu niliendesha gari mpaka Columbus bila kutoa habari. Mama alikuwa anachambua sombe. Hakuniangalia, lakini alisogeza kiti. Nikakaa, nikachambua naye. Ilipokwisha akajifuta mikono na kusema, "Bon. Lete hiyo simu."

Alitazama tangu getini mpaka kilimani. Walipokuinua akainama karibu. "Hawa wazungu wazee, banamubeba bo benyewe?"

"Ndiyo, Mama. Wenyewe."

"Na ile matope?"

"Na ile matope."

Akarudisha nyuma, akatazama tena. Ndipo akalia, Yaya, kilio alichokiweka tangu siku ile, na mimi nikamshika. Alipotulia akasema, "Basi alikuwa na kwabo. Miye nilifikiri mutoto yangu anakaa kule peke yake."

Hakuniomba msamaha wala mimi sikumwomba. Tulikula.

Pasipoti yake ya Amerika imefika. Kiangazi hiki tutakuja kwako, yeye na mimi na Josué. Na kuna jambo ungelipenda kuliko yote. Unajua jinsi Mama alivyokikataa Kiingereza, akisema lugha zinazomtosha ni tatu. Sasa amemwomba Josué amfundishe sentensi moja. Anairudia akiosha vyombo, akifunga kilemba, akiwa kwenye gari kwenda kanisani: asanteni kwa kumbeba mtoto wangu. Anaisema vibaya sana. Kila silabi inageuka kuwa ya Uvira.

Lala salama, kaka yangu, huko juu, mvua yako na watu wako vikiwa karibu. Nakuahidi nitamleta. Nitamshika mkono mpaka mbele ya Keith na wenzake, na atakaposema sentensi yake sitamrekebisha neno hata moja.

Dada yako,
Neema