Supu Niliyoitia Sumu

Jumapili jioni, mtaa wa Kwa Mathias. Mvua ilinyesha asubuhi ikakata, sasa kuna kaubaridi, na kaubaridi haka nakasikia mimi kuliko mtu yeyote wa Kibaha, kwa sababu leo nimerudi nyumbani na kipara. Nitakifikia.

Nina raha ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Bado panauma, lakini lile jino halimo tena.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ndiye Balozi. Kabla kila mtu hajawa na sinema mfukoni, nilikuwa natafsiri muvi za Kikorea kwenye banda la video hapa Kwa Mathias. Muvi inacheza, mimi na maikrofoni yangu nawasemea wote, mfalme, bibi harusi, mpaka farasi. Watu walikuwa wanatoka Mlandizi na kule Kisarawe, wanayaacha mabanda yao. Kuna mama wa Soga alimpa mwanawe jina la shujaa wa muvi yangu, na jina lenyewe nililitunga mimi. Nimetembea Asia nzima kwa mdomo, na kwa miguu sijavuka Morogoro.

Kikorea sijui. Leo ni siku ya ukweli, acha niseme. Najua maneno mawili, na moja nadhani ni tusi. Shule niliishia darasa la saba, na yale maandishi ya Kiingereza ya chini nilikuwa nadaka neno moja kati ya matano. Mengine najaza mwenyewe.

Nilijaza vizuri mno. Ndiyo shida.

Aliyenifanya niwe Balozi ni Shomari. Yeye Mzaramo wa Kisarawe, mimi Msukuma niliyezaliwa Soga kwa wazazi waliokuja na ng'ombe, kwa hiyo ni mtani wangu. Ndiye alikuwa anafunga spika, anatafuta muvi, anatoa walevi nje. Na kila siku alikuwa analeta chupa ya chai ya tangawizi ili koo langu lisikauke. Mimi namwita mchawi wa pwani, yeye ananiita mswaga ng'ombe, tunacheka. Utani hauna kesi, wazee walisema.

Sasa kuna muvi moja. Mwimbaji mmoja wa Korea, zamani alikuwa nyota, sasa amechuja. Wimbo wake uliopendwa ni mmoja tu, na anauimba kwenye uzinduzi wa maduka huku akijifanya bado anasimamisha nchi. Amebaki na rafiki mmoja anayemwendeshea gari bovu, anampigia koti pasi, na kila asubuhi anampikia supu. Inachekesha, halafu inakuuma mahali. Banda lilikuwa limejaa mpaka watu wamekalia makreti ya soda.

Mwimbaji anakunywa supu, diski ikakwaruza. Picha zikawa zinakuja vipande vipande: mwimbaji jukwaani amefungua mdomo, rafiki amesimama nyuma yake, watu wanacheka. Basi. Mwisho wa muvi ukawa umelala ndani ya diski na hautoki.

Miluzi ikaanza. Mimi, Balozi, nishindwe na kidude kama sahani? Nikashika maikrofoni nikasema, "Jamani, mmeiona ile supu? Ina dawa. Rafiki kamroga mwenzake sauti. Siku zote alikuwa anaitaka nafasi yake."

Banda liliripuka. Nikamtazama Shomari pale kwenye spika. Alikuwa anacheka na yeye, ameshika chupa ya chai.

Hazikupita wiki mbili, sauti yangu ikakauka. Nilikuwa nimepiga kelele miaka tisa, nakunywa soda za baridi na kulala na feni usoni. Lakini mtaa ulishapewa hadithi. Wakakumbuka supu, wakakumbuka chupa ya tangawizi, wakakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa namwita mchawi. Wakajumlisha. Kule Pangani, mtaa wa hapahapa Kibaha alikopanga, wapangaji wenzake wakaacha kuanika nguo kwenye kamba moja na mkewe. Mama mmoja akamwaga uji ambao mtoto wake alipewa na mke wa Shomari.

Ningeweza kuizima kwa sentensi moja. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ya sentensi moja ilikuwepo.

Sikusema.

Naandika sababu, na naona aibu kuiandika. Mabenchi yalikuwa yameanza kubaki wazi kabla hata sijapata kikohozi. Watu walikuwa wananunua simu. Na mtu aliyerogwa ni mtu mkubwa, kaonewa wivu. Mtu aliyechokwa hana hadithi ya kusimulia. Nikaona bora nirogwe.

Shomari alinifuata akaniuliza, "Mtani, na wewe unaamini?" Nikashika koo, nikaonyesha kwamba siwezi kuongea. Wiki hiyohiyo akahama, akarudi kwao Kisarawe. Miaka saba hatujapeana hata salamu.

Alhamisi mke wangu alikuwa anaangalia kitu kwenye simu, anacheka, halafu naona anafuta machozi. Nikachungulia. Ni ile muvi. Nzima, na chini ina maandishi ya Kiswahili, kile Kiswahili cha mashine, lakini kinaeleweka. Nikakaa.

Ile supu ilikuwa ya kutibu koo.

Koo la yule mwimbaji lilikuwa linakufa taratibu kwa pombe na uzee, na rafiki yake alijua muda mrefu, akanyamaza ili mwenzake asiaibike. Mwishoni wako jukwaani kwenye soko la samaki, mwimbaji anafika kwenye ile sehemu ya juu ya wimbo, sauti haitoki. Rafiki, ambaye hajawahi kuimba maishani, anasogea nyuma yake anaiimba yeye, vibaya kama mbuzi. Watu wanacheka. Halafu wanasimama kupiga makofi. Mke wangu akaniuliza mbona nimegeukia ukutani.

Leo baada ya kanisa nikachukua bodaboda, njia ya Kiluvya, tope mpaka magotini. Shomari ana saluni ya kunyoa pale Kisarawe mjini. Nilimkuta ana mteja kwenye kiti, wengine watatu kwenye benchi. Akaniona kwenye kioo. Mashine haikusimama.

"Balozi," akasema. "Foleni inaanzia kule."

Nikakaa kwenye foleni. Hotuba niliyoipanga njia nzima ikayeyuka. Nikaanza tu kuwasimulia wale wa benchi muvi, tangu mwanzo, kwa hii sauti yangu ya debe. Gari bovu, koti, maduka. Walicheka. Nilipofika kwenye supu nikawaambia mbele yake: hapa mimi nilidanganya. Diski ilikwama, nikatunga. Sauti yangu haikurogwa, iliisha. Na huyu bwana alikuwa ananiletea tangawizi.

Mzee mmoja wa benchi akauliza, "Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?"

Nikamwambia nilikuwa nangoja kuwa maarufu tena.

Zamu yangu ikafika. Shomari akakung'uta kitambaa. "Mtani, utakaa hapa kweli? Nywele zako zibaki kwa mchawi?"

Kila mtu wa ukanda huu anajua maana ya hilo. Nywele humwachii mtu usiyemwamini, unaziokota zote unaondoka nazo. Nikakaa. Nikamwambia anyoe zote, asibakize hata ya dawa.

Alinyoa polepole. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mara moja ulitulia juu ya kichwa changu muda mrefu kidogo kuliko kazi inavyotaka. Alipomaliza zilikuwa zimetapakaa sakafuni, nyingi nyeupe, mimi nilidhani bado ni nyeusi. Akachukua ufagio, akanitazama. Nikainuka bila kuinama.

"Mke wangu alilia sana kule Pangani," akasema. "Hilo halitoki kwa wembe."

"Najua."

"Utaenda kuyasema haya Kibaha, siyo hapa kwa watu wasiokujua."

"Nitaenda."

Akafagia. Halafu akatoa chupa chini ya meza, akamimina kikombe, akakinusa kwa madaha, akanipa. "Kunywa, mswaga ng'ombe. Leo nimezidisha dawa."

Ilikuwa tangawizi kali, imeniunguza ulimi. Nimekunywa vikombe viwili, tumecheka, sijacheka hivyo miaka saba.

Sasa niko hapa, najipapasa kichwa, naona ni cha mtu mwingine, mwepesi. Kesho asubuhi naanzia Pangani, kwa yule mama aliyemwaga uji. Maikrofoni sina na sauti ndiyo hii. Itabidi niende mlango kwa mlango.