Kisima Tulichomsafishia Mzee Gasper

Baba Hajira,

Saruji niliyoikoroga kwa ajili ya ufa wa mwisho wa kisima cha maji ya mvua bado mbichi kwenye karai. Usiimwage, zibia tundu la panya jikoni. Panya wetu angalau hajabadili mawazo.

Asubuhi Mzee Gasper alipotuletea pesa zetu kwenye mfuko na kusema nyumba haiuzi tena, ulimjibu, “Hamna neno, mzee.” Neno lipo, mume wangu. Bahati mikono yako ilikuwa na saruji, hukuupokea mfuko, akasema atarudi nao jioni. Nyumba ile ilimchosha miaka yote. Tumemsugulia kisima, tumeziba nyufa, mvua imekaribia, ndipo mapenzi yamemrudia. Simhukumu. Huenda ni mapenzi ya kweli.

Naenda Masasi kwa wakili. Nilivyosoma, tukipokea pesa atasema tumekubali mauziano yafe, na tutabaki kudai gharama zetu tu. Tukikataa, tunaweza kuliomba baraza la ardhi limwamuru akamilishe kuuza, na limzuie kumuuzia mwingine wakati tunasubiri. Mkataba alisaini mwenyewe, na mkewe pia.

Kwa hiyo akija, ~~mwambie aende zake~~ mkaribishe, mpe uji, ila mfuko usiuguse. Najua upole wako, ndiyo maana nimemwambia Hajira akae karibu nawe.

Mbaazi ziko sufuriani.

Bomba la kuingizia maji ya paani kisimani sijaliunganisha. Tutaliunganisha kesho, tukishajua tunamkingia nani mvua.

Mama Hajira